Maneno Niliyomwibia Bibi Yako

Mwanangu Zuhura,

“Kizaramo ni lugha ya kuchekeshea watu. Mtu akiwa na jambo la maana la kusema, mwenyewe atahamia kwenye Kiswahili.”

Maneno hayo aliyasema Mwalimu Idi Ijumaa iliyopita hapa barazani kwangu, amekalia kiti changu, anakunywa chai yangu na kula mihogo aliyochemsha mama yako. Ulikuwapo. Uliona nilivyomrukia. Nilimuuliza baba yake alipokuwa anakata roho aliusia kwa lugha gani. Nilimuuliza wazee wa Kisarawe walipokuwa wanapatanisha ukoo na ukoo kwa sababu ya damu iliyomwagika, je, walikuwa wanachekeshana? Nikamuuliza mashamba haya yaligawanywa kwa lugha gani, na vijito vinavyoyatenganisha vina majina ya lugha gani mpaka leo. Nikamwambia hakuna lugha duniani iliyokaa kwenye vichekesho tu, kwa sababu hakuna watu duniani wasiozika. Alipotaka kujibu nilimkatiza. Alipotaka kuaga nilimrudisha kitini. Chai ikampoa mkononi, nami nikajiona nimeshinda.

Ndipo wewe, uliyekuwa unakusanya vikombe, ukasema polepole, “Lakini baba, si wewe mwenyewe uliyekuwa unaichekeshea?”

Nilijifanya natafuta kofia yangu. Tangu Ijumaa sijakujibu, na kesho asubuhi unaondoka kwenda kujifunza uuguzi na ukunga, na sitaki uondoke ukidhani baba yako hakuwa na jibu. Ninalo. Ila haliko pale nilipokuwa nikilitafuta Ijumaa, nilipokuwa nampigia Mwalimu kelele.

Habari za sanduku, sabuni, blanketi na jinsi ya kuwaitikia wakubwa wa chuo, mama yako ameshakueleza, tena amerudia. Siziongezi. Nimekaa hapa tangu nilipotoka kuswali alasiri na nimeshachana karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa hotuba. Ya pili ilianza kufanana na zile barua zangu za gazetini unazozijua, ambamo kila mtu ni mjinga isipokuwa mimi. Huko uani nawasikia mnakaanga vitumbua vya njiani, na kila nikiisikia sauti yako nainuka nije nikwambie kwa mdomo. Nafika mlangoni, narudi. Kwa mdomo nitafanya mzaha. Mimi nikibanwa hufanya mzaha, na mzaha ndio uliotufikisha hapa.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini nilipoanza mchezo wangu. Mwaka huo tuliletewa karani wa kodi kutoka mbali, mtu wa koti na kalamu mbili mfukoni, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi mpaka hakikuwa na mkunjo hata mmoja. Wazee wetu walikuwa wanaitikia “ndiyo bwana, ndiyo bwana” kwa mambo wasiyoyaelewa, kisha wanakwenda kulala mahabusu kwa kuitikia huko. Nilichukia. Basi kwenye ngoma ya mavuno, wapiga ngoma walipokuwa wanazipasha ngoma zao moto, nikaingia uwanjani na koti la kuazima na fungu la karatasi za kufungia sukari. Nikamwigiza karani akiuliza maswali yake, kisha nikageuka nikawa mzee wa kijijini, nikamjibu kwa Kizaramo majibu ambayo wazee walitamani kuyatoa na hawakuweza. Watu walilia kwa kucheka. Karani mwenyewe alikuwapo, amekaa mbele, na alicheka kuliko wote kwa kuwa hakuelewa hata neno. Wazee wakazidi kucheka kwa kumwona anacheka.

Toka siku hiyo nikawa naitwa. Kisarawe yote, Mlandizi, huku Kibaha, na ng’ambo ya Ruvu. Harusini, mavunoni, wakati mwingine hata arobaini ya marehemu. Nilimsema karani, nikamsema jumbe, nikamsema askari anayedai kuku. Na kwa kuwa nilikuwa nasoma kila karatasi iliyonipita mkononi, msahafu, magazeti, hata vitabu vya wamisheni nilivyovisoma makusudi ili nipate kubishana nao, nilikuwa na maneno ya kumjibu kila aliyeniambia kwamba lugha yetu imekwisha. Niliandika gazetini. Niliwaambia wale wanaosema tuiache ili tuwe kitu kimoja kwamba Mwingereza hakuingia hapa kwa sababu bibi kizee wa Mlandizi anasema Kizaramo. Bado nasema hivyo. Kiswahili sina ugomvi nacho, ndicho ninachokuandikia sasa, na ni kizuri. Ila ukiwa na chumba cha wageni kizuri hubomoi jiko.

Haya, naona nimeanza hotuba tena. Nisamehe.

Nianze na nyumba ya bibi yako, huko Mlandizi. Ulipokuwa unakaribia kuzaliwa, mama yako alirudi kwao, kama ilivyo desturi kwa mimba ya kwanza, na mimi nikamfuata siku zilipotimia. Unaijua adabu ya mtu na mama mkwe wake. Hamtazamani, hamli pamoja, mkikutana njiani unaingia majanini umpishe. Nilikuwa nimemwoa binti yake miaka mitatu na sikuweza kukuambia kama bibi yako ana mwanya au hana. Nilimjua kwa sauti tu. Nikienda kwao nilikuwa nawekewa kigoda nyuma ya nyumba, upande wa ukuta wa udongo, na yeye akiwa ndani nilimsikia anavyotuma watoto, anavyogombana na mbuzi, anavyocheka na majirani. Nadhani hakuna mtu niliyemsikiliza maishani kama nilivyomsikiliza mwanamke yule ambaye sikuruhusiwa kumtazama.

Mama yako aliumwa uchungu siku mbili. Bibi yako ndiye mkunga, hilo huenda hujui. Wanawake wa vijiji vinne walikuwa wanamfuata yeye. Nilikaa kwenye kigoda changu nyuma ya ukuta siku zote mbili, nikimsikia mama yako anavyolia, na kila alipolia nilimsikia bibi yako anamwambia maneno yale yale, kwa sauti ile ile, kama mtu anayetwanga bila kuchoka. Ni maneno machache. Kwa Kiswahili ni kama kusema: usiogope, maumivu haya yana mwisho, na mimi nipo hapa mpaka mwisho wake. Lakini kwa Kizaramo, kwa jinsi alivyoyasema, sauti ikipanda mahali fulani na kushuka mahali fulani, mimi niliyekuwa nje nilitulia. Siku ya pili, jua lilipokuwa utosini, ukalia wewe.

Maneno hayo sitakuandikia humu. Utaona sababu.

Miezi michache baadaye nikatunga mtu mpya wa mchezo. Nikamwita Bi Mashaka. Nilijifunga kanga mbili, nikainama mgongo, na sikuhitaji kutafuta sauti, maana nilikuwa nayo tayari. Bi Mashaka alikuwa bibi kizee wa Kizaramo anayekwenda bomani kwa mara ya kwanza, na kila mkubwa anayekutana naye, Bi Mashaka ndiye anayemwonea huruma. Karani anababaika na karatasi zake, jasho linamtoka. Bi Mashaka anamshika bega na kumwambia maneno yale ya uchungu wa uzazi. Askari anamkamata, yeye anamfariji askari kwa maneno yale yale. Elewa, mwanangu, mchezo ule ulikuwa mzuri. Sitajidharau kwa uongo. Huku kwetu watu walielewa kwamba anayejifungua ni serikali nzima, inakamua na kukamua na hakuna mtoto anayetoka. Kina mama walikuwa wananijibu maneno yale kwa pamoja, wote uwanjani, na walikuwa wanayasema kwa sauti ya watu walioyasikia kweli, siku walipoyahitaji.

Ubaya wangu haukuwa Bi Mashaka. Ubaya wangu ulikuwa kumpeleka mjini.

Ilikuwa klabu moja ya dansi huko Kariakoo. Jumapili mchana, bendi inapopumzika, walitaka mtu wa kuwachangamsha watu wasitoke. Mtu alinisikia harusini, akaniita. Nilijiambia kwamba nakwenda kukitetea Kizaramo katikati ya mji, mbele ya watu waliovaa tai. Hayo ndiyo niliyoyaandika hata gazetini. Nilisimama pale, kanga zangu, mgongo wangu, nikafungua mdomo, na ukumbi ukavunjika mbavu. Jumapili ya pili walijaa mpaka madirishani. Ya tatu, watoto wa barabarani walikuwa wananifuata wakiimba yale maneno ya bibi yako, wameyapotosha, wameyafanya kibwagizo.

Nilikuwa na rafiki aliyeitwa Masanja, Mnyamwezi, aliyekuja pwani na mizigo ya Wazungu wakati wa vita vya Mjerumani akabaki. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na mtani ana ruhusa ya kukuambia lile ambalo ndugu yako analimeza. Siku hiyo alinisubiri nje ya klabu, ameegemea baiskeli yake.

“We Mzaramo,” akaniambia, “leo nimekuona sokoni.”

“Sokoni wapi, mbeba mizigo wewe?”

“Humo ndani. Ulikuwa unapiga mnada kinywa cha mkweo.”

“Wivu huo. Hujawaona watu walivyocheka?”

“Nimewaona. Wamecheka kabla hujafika.”

“Kabla sijafika wapi?”

“Kwenye kichekesho, we maiti! Umetoa neno moja tu, hujasema kitu bado, wameshaanguka. Mtu anayecheka kabla hajasikia anacheka nini?”

Nikamwambia Wanyamwezi hawajui mchezo, wao husubiri kwanza watue mzigo ndipo wacheke. Akacheka kweli, halafu akaacha.

“Nimehesabu watu wa kwenu mle ndani,” akasema. “Walikuwa wanane, karibu na mlango. Hawakucheka, mtani. Mmoja aliweka kofia yake usoni. Siku ukifa nitayasema haya mbele ya jeneza lako na hakuna atakayenizuia, lakini nimeona nikuambie ukiwa na masikio.”

Nilimjibu kwa matusi ya utani mpaka akapanda baiskeli yake. Ndivyo nilivyomjibu mtu pekee aliyeniambia kweli. Njia nzima ya kurudi Kisarawe nilikuwa natunga majibu mengine, makali zaidi, na sikuwa na mtu wa kumpa.

Wewe ulikuwa na miaka minne. Mwaka huo huo bibi yako alikanyaga kisiki shambani, mguu ukavimba. Alijitibu kwa dawa zake, ikashindikana, akaamua kwenda zahanati. Jina la zahanati silitaji, na dresa aliyekuwa anatoa dawa siku hiyo alishahamishwa zamani. Mama yako mdogo Sikudhani ndiye aliyemsindikiza, na ndiye aliyenisimulia, amesimama pale uani kwetu, hataki hata kukaa.

Foleni ilikuwa ndefu. Ilipofika zamu yake, bibi yako aliamkiwa vizuri, akaulizwa anaumwa nini, akaeleza. Aliueleza ule mguu kama mkunga anavyoeleza mwili, taratibu, kila maumivu kwa jina lake: hili limekaa, hili linatembea, hili linakuja usiku. Kwa Kizaramo, kwa sababu ndicho alichokuwa nacho. Dresa akaweka kalamu chini. Alikuwa kijana wa mjini, Jumapili zake alikuwa anazimalizia Kariakoo.

“Ee!” akasema. “Rudia tena, bibi.”

Bibi yako akadhani hakusikika vizuri. Akarudia, tena polepole ili kijana aelewe apate kutibu.

“Jamani, njooni! Huyu si Bi Mashaka mwenyewe huyu? Bibi, hebu rudia tena kidogo.”

Akarudia mara ya tatu, Zuhura. Alikuwa na mguu unaotoa usaha, na alirudia mara ya tatu kwa sababu alimwamini. Ndipo kwenye foleni mtu mmoja akatoa kile kibwagizo, mwingine akapokea, na zahanati nzima ikamwimbia bibi yako maneno aliyomwambia mama yako siku uliyozaliwa wewe. Sikudhani anasema bibi yako hakukasirika. Aliangalia huku na huku kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa na hamwoni anayeita. Kisha akaelewa. Akajitanda kanga yake vizuri, akatoka, na hakurudi tena kwa dawa.

Unamjua bibi yako anachechemea. Ulipokuwa mdogo uliniuliza kwa nini, nikakuambia ni uzee. Ulikuwa uongo. Ni mimi.

Na unamjua bibi yako ni mtu asiyeongea. “Karibu.” “Nzuri.” “Haya, kwaheri.” Miaka yote umekwenda kwake wakati wa likizo na kurudi ukisema, “Bibi hapendi maneno.” Mwanangu, mwanamke yule alikuwa na maneno kuliko mto Ruvu wakati wa masika. Alianza kusema Kiswahili cha vipande vitatu tangu siku ile ya zahanati, kwa sababu vipande vitatu haviwezi kuchezwa klabuni.

Sasa nikueleze la pili, na hili ndilo linalonifanya niinuke kwenye kiti. Sikudhani aliponisimulia, unadhani nilifanya nini? Niliandika gazetini. Nilimchambua yule dresa mpaka mifupa. Niliandika juu ya dharau ya watu wa mjini, niliandika juu ya elimu isiyo na adabu, niliandika vizuri mno. Watu walinisimamisha njiani kunipongeza. Katika barua yote ile hakukuwa na Bi Mashaka. Hakukuwa na mimi. Na Jumapili mbili baada ya hapo nilirudi Kariakoo nikacheza tena, nikisema moyoni kwamba nikiacha nitakuwa nimewapa ushindi. Niliendelea mpaka mvua za vuli. Kilichonikomesha si aibu, ni klabu kumpata mtu mwingine aliyekuwa anapiga ngumi hewani na kuanguka kwenye viti.

Nimebishana na watu maisha yangu yote, na sikuoni ukipona ugonjwa huo, maana umeurithi. Nimekusikia ukibishana na mama yako kuhusu chumvi. Siwezi kukuambia usibishane. Nakuambia tu kile nilichokiona kwangu: kila nilipokuwa na kosa kubwa, ndipo adui aliyeko mbali alipokuwa mtamu zaidi kumshambulia. Dresa alikosa, ndiyo. Lakini dresa nilimweza kwa wino, na mkwe wangu nilitakiwa nimwendee kwa magoti.

Na sikuweza kumwendea. Hapa ndipo desturi yetu ilipokuwa kinga yangu. Mtu hasimami mbele ya mama mkwe wake akamwambia “nimekukosea”. Hutuma mtu. Kila mwaka nilisema nitatuma mtu, kila mwaka nikaona mtu niliyemfikiria hafai, huyu mropokaji, yule atacheka. Mama yako hakunisema hata siku moja. Ila wadogo zako wote aliwabembeleza kwa Kiswahili, na wewe unakumbuka hata nyimbo zake. Mimi nikijaribu kukusemesha Kizaramo ulikuwa unacheka na kupiga makofi, ukidhani nimeanza mchezo. Mtoto wa miaka sita, umekaa kwenye mkeka, unaniambia, “Baba, fanya tena.” Nikaacha. Katika kinywa changu lugha yetu ilikuwa imeshakuwa kanga mbili na mgongo wa kuinama.

Halafu ukavunja ungo. Ilikuwa zamu ya bibi yako kuja kukaa nawe ndani, akufunde, kama alivyofundwa yeye na kama alivyomfunda mama yako. Mama yako akamtuma Sikudhani kwenda kumwita. Jibu lililorudi lilikuwa la Kiswahili na lilikuwa fupi: “Mwambieni mkwe wangu, maneno alishayachukua yote. Sina ya kumpa mtoto.” Ndiyo sababu shangazi yako alikuja badala yake, akakufunda siku tano haraka haraka kwa sababu shule ilikuwa inafunguliwa, na wewe ukafikiri ndivyo mambo ya kisasa yalivyo.

Basi hili ndilo jibu langu kwa Mwalimu, na Ijumaa nilikuwa nalo nikalikwepa. Anasema lugha ile ni ya kuchekeshea. Amelitoa wapi? Hakulitoa kwao, kwao wanazika na kuozana kwa lugha hiyo hiyo. Amelitoa Kariakoo, alipokuwa mwanafunzi, Jumapili mchana. Ni mimi niliyemfundisha. Na mashahidi wangu wote niliomtolea Ijumaa, wazee wa mashauri, wasia wa marehemu, mipaka ya mashamba, wote walikuwa sahihi, lakini shahidi mkubwa yuko Mlandizi anachechemea na sikumtaja.

Wewe unakwenda kujifunza kuzalisha wanawake. Utafundishwa vizuri, kwa vyombo visafi na vitabu, nami nafurahi. Ningekuwa na ujuzi huo mguu ule ungepona kwa wiki moja. Lakini utarudi huku kwetu, au watakupeleka mahali kama huku, na usiku au mchana ataletwa mwanamke aliyeshikwa na uchungu, na atakachosema hakitakuwa Kiswahili. Mama yako aliyesoma mpaka darasa la nne hakusema neno moja la Kiswahili siku zile mbili. Utakuwa na sindano mkononi na hutakuwa na la kumwambia. Kuna mtu mmoja wa damu yako anayejua la kumwambia. Umri wake umekwenda. Sikudhani anasema siku hizi amelala zaidi ya anavyoamka. Akienda, hakuna kitabu nitakachokununulia.

Ndiyo maana sikukuandikia maneno yenyewe. Ninayajua, naweza kuyaandika sasa hivi na hata kukuonyesha sauti inapanda wapi. Lakini ukiyapata kwangu utakuwa umeyapata kwa mwizi, tena yakiwa na makofi ya klabu ndani yake. Nataka uyasikie kwa mwenyewe, kama atataka. Anaweza asitake. Nimeogopa hilo miaka mingi na bado naogopa sasa, na siwezi kukuahidi kwamba mlango utafunguliwa kwa sababu tu nimeona aibu.

Kesho Alhamisi lori la mkaa litawafikisha Kibaha, na pale mtapanda basi la Morogoro pamoja na Mwalimu Idi na mkewe, wanaokusindikiza. Chuo kinafunguliwa Jumatatu. Basi linasimama Mlandizi kupakia watu. Kutoka pale mpaka kwa bibi yako ni mwendo wa nusu saa, tena mchana.

Shuka hapo. Sikuombi, nakuamuru, na ni amri ya mwisho nitakayokupa kabla hujawa mtu mzima wa mshahara wake. Mpe shikamoo, ukae chini, kwenye mkeka, si kwenye kiti. Mwambie mkwe wake amekutuma, na mwambie nimekubali mbele yako, kwa maandishi, kwamba nilimwibia sauti nyuma ya ukuta wa nyumba yake siku binti yake alipokuwa anajifungua, kwamba mguu ule ni wangu, na kwamba niliandika gazetini badala ya kumtumia mtu. Mwambie sitafuti anijibu mimi. Kisha mwambie unakwenda kujifunza kazi yake, na umwombe akufundishe anachomwambia mwanamke anayeumwa. Daftari lako liache kwenye sanduku. Akisema, nyamaza. Akinyamaza, nyamaza naye mpaka asubuhi, ulale hapo, uchote maji, uondoke Ijumaa.

Na wewe Mwalimu Idi, maana najua binti yangu hatafika Kibaha bila kukuonyesha barua hii: nimekunyima nafasi ya kusema kwenye baraza yangu, na kwa hilo niwie radhi. Lakini ulisema jambo mbele ya mtoto wangu na mimi ndiye niliyekutia jambo hilo mdomoni, basi tulitoe sote wawili. Usibaki kwenye basi kulinda mizigo. Mkeo atatangulia nayo Morogoro, nanyi mtamfuata Ijumaa. Teremka na Zuhura, tembea naye hiyo nusu saa, ukae nje kwenye kigoda nyuma ya ukuta, na usikilize.